Hub, nexus, focus au core? Kuchagua neno la Kiingereza kwa kitu kilicho katikati

Mabango ya Mombasa yamejaa neno "hub". Kuna hub ya samaki, hub ya simu, hub ya vijana. Ukifungua ripoti za miradi unakutana na "nexus". Wasifu wa waombaji kazi umebeba "focal point", na magazeti ya Kiingereza yanapenda "epicentre". Sisi huku vyote hivyo tunaviita kitovu, au kiini, na tunaelewana. Taabu huja pale mtu anapofikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza: kichwani ana kitovu, kamusi inampa maneno zaidi ya kumi, naye anachukua lile linalosikika zito kuliko yote.

Kazi yangu ni kupitia maandishi ya Kiingereza ya watu wa hapa: vipeperushi vya watalii, maombi ya tenda, tasnifu za wanafunzi, barua za mawakala wa forodha. Neno lililochaguliwa kwa uzito wake huharibu barua nzuri, na inaniuma kuona mtu mwenye jambo la maana akipuuzwa kwa sababu hiyo.

Karibu kila moja ya maneno haya lilianza likiwa kitu cha kushikika: kipande cha gurudumu, fundo, meko, mbegu, pini, jiwe la tao. Kiingereza cha leo hakikitaji tena kile kitu, lakini kazi yake imebaki ndani ya neno. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, tazama hicho unachokisema kinafanya nini. Vitu vinafika hapo kisha vinatawanyika? Vimefungamana hapo? Kuna kinachogeuka juu yake? Kikiondolewa, nini kitaanguka?

Hub au gateway

Nitakaa zaidi hapa, kwa sababu hapa ndipo mji wetu unapojieleza vibaya zaidi.

"Hub" ni kile kipande cha katikati ya gurudumu kinachoshikilia spoki zote. Spoki ni nyingi, na moja haiifikii nyingine ila kwa kupitia hapo kati. Biashara ya ndege imelichukua wazo hilo jinsi lilivyo. Federal Express ilipoanza kurusha vifurushi mwaka 1973, vyote vilipelekwa Memphis usiku, vikachambuliwa, kisha vikaruka tena kuelekea vilikokusudiwa. Hata kifurushi cha kwenda mji jirani kilipitia Memphis kwanza. Kenya Airways hufanya vivyo hivyo na abiria: huwakusanya Jomo Kenyatta, Nairobi, na kuwagawa huku na huku. Ndiyo maana Nairobi huitwa hub ya safari za anga. Uwanja wa Moi hapa Mombasa hupokea wageni kutoka nje, lakini wengi wao wakishuka wamefika; wanakwenda Nyali, Diani au Watamu, hawabadilishi ndege. Kuuita hub ni kumwahidi msomaji kitu ambacho hatakikuta.

Na bandari ya Kilindini je? Maandishi mengi ninayoletewa huiita hub. Hebu tuufuate mzigo wenyewe. Kontena linashushwa kutoka melini, linapakiwa kwenye lori au kwenye treni ya mizigo ya SGR, linapanda bara kwenda Nairobi, Kampala, Kigali, Juba au Goma. Uganda ndiyo mteja mkubwa kuliko nchi zote zinazopitisha shehena hapa. Mzigo unaingia kwa mlango mmoja na kuendelea ndani, na wa kutoka bara kwenda ng'ambo, kama chai na kahawa, hutokea mlango huohuo. Kwa Kiingereza hilo ni "gateway". Reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901 ilijengwa kwa fikra hiyohiyo ya lango.

Bandari ambayo watu wa meli huiita hub bila kusita ni kama Salalah ya Oman, au Singapore. Huko makontena hushuka kutoka meli moja na kupanda nyingine kuelekea bandari za mbali, na mengi hayagusi kabisa soko la nchi yenyewe. Kazi hiyo Mombasa huifanya kwa kiasi kidogo tu. Ukimwandikia mwenye meli kwamba Mombasa ni "a transshipment hub", atakuuliza maswali yatakayokupa tabu kuyajibu. Mwandikie "the gateway to the Northern Corridor" naye atajua papo hapo unazungumzia njia ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Sioni kwa nini mtu aone gateway ni cheo kidogo. Mwenye lango ana nguvu ambazo mwenye hub hana: hub inaweza kuhamishwa kwa uamuzi wa kampuni, lakini kina cha maji ya Kilindini hakihamishwi.

Soko la Kongowea, kwa upande mwingine, ni hub halisi, na waandishi wengi hulisahau. Viazi, nyanya, vitunguu na kabichi hushushwa pale kutoka bara, wachuuzi hununua, kisha mzigo hutawanyika Likoni, Kisauni, Mtwapa na kwingineko. "The wholesale hub of the Kenyan coast" ni sentensi ninayoweza kuitetea. Vilevile Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, imejipatia jina linaloifaa: vijana wa sanaa na teknolojia hufika pale na kutoka wakiwa wamefahamiana na wenzao.

Ukitaka kipimo cha haraka, hesabu njia. Kama kuna njia nyingi za kuingia na nyingi za kutoka, na vitu hubadilishana hapo, ni hub. Ikiwa upande mmoja ni dunia nzima na upande wa pili ni nchi za ndani, ni gateway.

Junction na node

"Junction" ni pale njia zinapoungana au kuachana, basi. Halidai kwamba kuna shughuli yoyote. Voi ni junction kwa maana kamili: barabara ya Taveta huachana pale na barabara kuu, na tawi la reli la Taveta lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia huanzia palepale. Mariakani kwa wanaokwenda Kaloleni pia ni junction. "Crossroads" hukaribiana nalo, lakini mara nyingi hutumika kwa uamuzi mzito, "the county is at a crossroads", kwa hiyo usilitie kwenye maelekezo ya njia kama kuna hatari ya kueleweka vingine.

"Node" ni neno la mitandao, na asili yake ni fundo kwa Kilatini. Ni nukta yoyote ambapo mistari hukutana, iwe miwili au mia. Kila hub ni node. Node nyingi si hub. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, mji uliingia kwenye ramani ya intaneti kama node. Mahali penyewe zinapotokea majini, wahandisi hupaita "landing point", na katika maandishi ya ufundi hilo ndilo la kutumia.

Centre au focus

"Centre" limetokana na neno la Kigiriki la ncha kali, ile inayosimama karatasini bikari ikichora duara. Hata leo neno hilo lina rula ndani yake: mahali palipo sawa kutoka pande zote, au jengo ambamo huduma zimewekwa pamoja, kama Huduma Centre. Likitumika kama kitendo, andika "centre on". Wengi huandika "centre around", na wahariri wakali hulifuta, kwa hoja kwamba nukta haiwezi kuzunguka kitu. Ukitaka mzunguko, tumia "revolve around". Kwa tahajia, Kenya hufuata Uingereza, "centre". Lakini kama ombi lako la ufadhili linakwenda Marekani, "center" haina ubaya mradi uishike hivyo mwanzo hadi mwisho.

"Focus" kwa Kilatini lilikuwa meko, pale moto wa nyumba ulipokuwa. Mwanafalaki Johannes Kepler alilichukua mwaka 1604 na kulitia katika hesabu na elimu ya mwanga. Miaka mitano baadaye alitangaza kwamba sayari huzunguka kwa njia ya duaradufu, na kwamba Jua haliko katikati ya umbo hilo. Liko kwenye moja ya nukta mbili ziitwazo focus, na katikati yenyewe hapana kitu. Sijui mfano unaotenganisha maneno haya mawili vizuri kuliko huo: centre ni suala la umbali, focus ni suala la kinachovuta.

Kisiwa chetu chaonyesha jambo hilohilo. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iko ukingoni, inatazama maji. Hakuna rula itakayoifanya centre ya Mombasa. Lakini macho ya mgeni, ratiba za waongozaji watalii na tangu mwaka 2011 orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO vyote huelekea pale. Andika "the focal point of the Old Town" na hakuna atakayekusahihisha.

Nexus au link

Hili ndilo neno linalotumiwa vibaya kuliko yote, na pia ndilo lenye faida kubwa likitumiwa vizuri.

"Nexus" lina asili ya kitendo cha Kilatini cha kufunga. Halihusu mahali. Lasema kwamba mambo mawili au zaidi yamefungamana kiasi kwamba ukivuta moja, jingine linakuja. Kwa hiyo "our shop is at the nexus of Digo Road" haliwezekani. Duka liko kwenye "corner" au "junction". Na wingi wake ni "nexuses". Wachache huandika "nexus" hivyohivyo kwa wingi, kama Kilatini chenyewe. "Nexi" si sahihi popote.

Tangu mkutano wa Bonn wa mwaka 2011 kuhusu maji, nishati na chakula, ripoti za maendeleo zimelikumbatia mno. Hapa Mombasa tunao mfano unaostahili neno hilo. Maji ya chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi, huja kwa bomba yakishuka kwa mteremko, bila kusukumwa. Maji ya visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, hayaji mpaka pampu zizunguke, na pampu hula umeme mwingi. Umeme ukikatika Baricho, mifereji hukauka Nyali. Bei ya umeme ikipanda, gharama ya maji hupanda nayo. Mtu anayeandika "the water-energy nexus in Mombasa" na kueleza hayo amelitumia neno kwa haki. Anayeandika "the nexus between youth and football" angetosheka na "link", au hata na "youth love football".

"Link" ni kiungo kimoja, kama pete moja ya mnyororo. Ni neno jepesi, la kweli, na katika nafasi tisa kati ya kumi ninazoona "nexus", "link" lingefanya kazi bora. Lina faida nyingine katika tasnifu: "a link between unemployment and drug use" husema kuna uhusiano bila kudai kwamba kimoja kimesababisha kingine. "Connection" ni la kawaida zaidi na lina joto la kibinadamu. "Tie" na "bond" ni za watu na familia, na "bond" ndiyo nzito zaidi.

Kuna mahali pamoja ambapo nexus si la kuchagua, ni la kisheria. Wauzaji wetu wa vikoi na vikapu mtandaoni wanaouza Marekani huletewa barua yenye maneno "you have nexus in this state". Maana yake ni kwamba biashara yako ina uhusiano wa kutosha na jimbo hilo hata likudai ukusanye kodi ya mauzo. Zamani ulihitaji kuwa na duka au ghala huko. Mwezi wa Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya South Dakota dhidi ya kampuni ya Wayfair, iliamua kwamba si lazima. Sheria ya jimbo lile ilitazama mauzo ya zaidi ya dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka. Barua ya namna hiyo usiijibu kwa kubahatisha. Mtafute mhasibu.

Core, kernel, heart, crux

Haya hayana njia zinazoingia wala kutoka. Yanahusu kilicho ndani.

"Core" ni kinachobaki ukimenya vyote vinavyoweza kumenyeka: "core business", "core subjects". Mwanasayansi wa Denmark, Inge Lehmann, alipoonyesha mwaka 1936 kwamba dunia ina kiini kingine ndani ya kile kiowevu, alikiita "inner core", na neno lilifaa. "Kernel" ni punje, dogo na lenye uhai. Kiingereza hulitumia kwa ukweli mdogo ndani ya maneno mengi, "a kernel of truth", na kwa sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, kama Linux. "Heart" ni la hisia: "in the heart of the Old Town" linafaa kwenye kipeperushi cha nyumba ya wageni, halifai kwenye mkataba wa pango.

"Crux" ni msalaba kwa Kilatini, na ndilo jina la kilatini la kundi la nyota la Msalaba wa Kusini, linaloonekana vizuri kutoka pwani yetu. Katika hoja, crux ni mahali pagumu ambapo ukipatatua, mengine yote hulegea. Wapanda milima huita hivyo sehemu ngumu kuliko zote za njia yao. Tofautisha: "the core of the land dispute" ni kile mgogoro unachohusu, "the crux of the land dispute" ni lile swali linalozuia usiishe. Katika mashamba mengi ya pwani, core ni ardhi ya mababu, na crux ni nani ana hatimiliki.

Pivot, hinge, linchpin, keystone

Milango ya Mji wa Kale itakusaidia na mawili ya kwanza. Mlango wa Kiswahili wa nakshi haukai kwenye bawaba. Kila ubawa una ncha mbili, juu na chini, zinazozunguka ndani ya matundu ya kizingiti, na mfaa uliopigiliwa kwenye ubawa mmoja huziba upenyo wa kati. Zile ncha ni "pivot". Bawaba za mlango wa kisasa ni "hinge". Kiingereza kimezipeleka kila moja njia yake: "our plans hinge on the fuel price" maana yake mipango inategemea bei ya mafuta kabisa, wakati "we pivoted to deliveries" maana yake biashara imebadili mwelekeo huku mguu mmoja umebaki palepale. "Fulcrum" ni egemeo tulilosoma katika fizikia. Liache huko ila unapozungumzia nguvu zinazopimana.

"Linchpin" ni pini inayochomekwa mwishoni mwa ekseli ili gurudumu lisichomoke. Ni ndogo, haionekani, na ikitoka gari linaanguka. Msifu nayo mtu ambaye kazi husimama asipokuwepo: karani anayejua faili zote, mama anayeshikilia chama. Utaona pia tahajia "lynchpin"; ile ya kwanza ni salama zaidi.

"Keystone" ni jiwe la juu la tao, linalozuia mengine yasiporomoke. Mwanaikolojia Robert Paine alilitumia mwaka 1969 kwa viumbe, baada ya kuwaondoa viti vya pweza (starfish) kwenye sehemu ya ufuo wa miamba huko Marekani na kuona kome wakitanda na kuwasukuma wengine nje. Matumbawe yetu yana kisa chake: samaki aitwaye kikande hula wale viumbe wenye miiba mirefu inayochoma miguu ya waogaji. Kikande wakivuliwa wakaisha, wenye miiba huzidi na kuguguna matumbawe. Anayeandika kuhusu hifadhi ya bahari ya Mombasa na kumwita kikande "important species" amesema kidogo kuliko anachokijua. "Keystone species" ndiyo yenyewe.

Epicentre

Kwa wanaojua matetemeko, epicentre ni mahali juu ya ardhi palipo moja kwa moja juu ya chanzo. Chanzo chenyewe, kule chini, huitwa focus. Nje ya sayansi, neno limebaki na harufu ya maafa. Mwaka 2020 lilisikika dunia nzima kwa ugonjwa wa Korona, na wakazi wa Mji wa Kale, waliofungiwa mwezi wa Mei mwaka ule, wanalikumbuka hivyo. Kuna kamusi zinazolikubali kwa mazuri pia. Mimi nikikuta "Mombasa, the epicentre of Swahili cuisine" nalibadilisha kuwa "home", kwa sababu sitaki msomaji aliyekuja kutafuta biriani na viazi karai awaze maradhi hata kwa dakika moja.

Ukijieleza mwenyewe kwenye wasifu

"Focal point" au "focal person" katika lugha ya mashirika ni mtu wa kuwasiliana naye kuhusu jambo fulani. Ni wajibu, si sifa. "Liaison", yenye i mbili, ni anayepeleka maneno kati ya pande mbili: kama ulikuwa ukikaa kati ya bandari na mawakala, au kati ya hospitali na wazee wa mtaa, jiite hivyo. "Coordinator" hupanga watu wengi. "Linchpin" usijiite mwenyewe hata kama ndivyo ulivyo; mwombe mkubwa wako wa kazi aliandike kwenye barua ya kukupendekeza.